Maisha ya Al-Biruni, Aliyeitafuta Kibla kwa Vipimo



Kila anayeingia katika Uislamu hufundishwa tangu siku ya kwanza kuelekea Kibla. Ndugu zetu wa Mbeya huoneshwa upande wa kaskazini, kule uliko mlima Loleza, na ndugu zetu wa Iringa nao huoneshwa upande uo huo wa kaskazini. Mtu husimama, husema Allahu Akbar, na pengine miaka hupita asijiulize ni nani aliyejua kwamba Makka iko upande huo, wala alijuaje, hali hakuna kilele katika Nyanda zote za Juu Kusini ambacho mtu akipanda ataiona Makka. Swali hili si la kitoto. Lilimshughulisha kwa miaka mingi mmoja wa wataalamu wakubwa kabisa wa elimu ya falaki waliopata kutokea duniani, naye ni Abu Raihan Al-Biruni.

Liko na swali la pili, ambalo wenye kusilimu huliuliza kwa uzito zaidi. Mtu wa Mbeya aliyesilimu huenda baba yake ni Mmoraviani. Wa Iringa huenda wazazi wake ni Walutheri au Wakatoliki. Na waliomfundisha kusoma na kuhesabu ni watu wa dini hizo. Je, baada ya kushika dini ya Kiislamu, yampasa kuwapa kisogo na kukataa elimu itokayo kwao? Wako wanaomwambia kwamba ndivyo. Naomba, ndugu msomaji, tuyatazame maisha ya Al-Biruni, kwani humo mna majibu ya maswali yote mawili.

Al-Biruni alizaliwa mwezi wa Septemba mwaka 973, sawa na mwaka 362 wa Hijra, nje kidogo ya Kath, mji mkuu wa Khwarazm, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika Uzbekistan. Jina lake latokana na neno la Kiajemi lenye maana ya nje, yaani mtu wa kiungani. Mwenyezi Mungu alimjaalia kupata mwalimu mwema, Abu Nasr Mansur, mwana wa ukoo wa kifalme wa nchi ile na bingwa wa hesabu. Mwana huyo wa wafalme hakuona haya kumfundisha kijana wa kiungani. Na kijana naye alifunzika upesi. Alipokuwa na umri wa miaka 17 tu, alipima urefu wa jua angani, na kwa kipimo hicho akajua mji wa Kath uko umbali gani kaskazini ya mstari wa ikweta.

Yafaa hapa nieleze jambo moja. Watu wengi wakisikia habari za elimu ya nyota hudhani ni ile kazi ya kupiga ramli na kuwatabiria watu bahati zao. Falaki siyo hiyo. Falaki ni elimu ya kupima mwendo wa jua, mwezi na nyota, ambao Kurani Tukufu katika Sura Ar-Rahman inatufahamisha kuwa unakwenda kwa hesabu. Al-Biruni aliijua pia kazi ya watabiri, akaiandikia kitabu kwa kuwa watu wa zama zake waliitaka; lakini yeye mwenyewe hakuficha kwamba haamini mengi ya madai yao.

Mwaka 995, akiwa na miaka 22, alitengeneza duara kubwa la kupimia lenye upana wa dhiraa 15, apate kulipima jua katika siku zake za mwisho wa kaskazini. Mara vita vikazuka. Mtawala wa Gurganj aliupindua ufalme wa Kath, na ukoo wa mwalimu wake ukaondolewa katika utawala. Kijana yule alijificha, kisha akakimbia nchi yake. Katika mji wa Rayy, karibu na ilipo Tehran ya leo, alikuwa fukara. Mnajimu mmoja wa huko alimdharau katika mjadala wa kielimu kwa sababu ya umaskini wake tu. Na hali ya Al-Biruni ilipotengenea, mtu yule yule akawa rafiki. Lakini huko huko Rayy alikutana na Al-Khujandi, aliyekuwa amejenga chombo kikubwa kabisa cha kupimia jua, naye alimweleza mgeni yule namna alivyokijenga na kasoro alizoziona. Mkimbizi hana mali, lakini haoni hasara akikuta mwenye elimu asiyekuwa bahili.

Sasa tunafika kwenye kazi ambayo peke yake ingetosha kulihifadhi jina lake. Usiku wa tarehe 24 Mei mwaka 997 mwezi ulipatwa. Al-Biruni alikuwa amerudi Kath. Na kule Baghdad, mbali sana na Kath, alikuwako mzee mmoja hodari wa falaki, Abul-Wafa Al-Buzjani. Wawili hawa walipatana kabla kwamba kila mmoja atautazama mwezi ule katika mji wake, na kuandika saa ya mahali pake ambayo kivuli kiliugusa. Kisha wakalinganisha. Walikuta kwamba tofauti ya saa zao ni karibu saa moja, na kwa hiyo wakajua umbali wa Kath na Baghdad katika mashariki na magharibi.

Huenda ukauliza, yawezekanaje saa ikapima umbali? Chukua mfano wa kwenu. Tuseme wewe uko Mbeya, na ndugu yako yuko Iringa, zaidi ya kilomita 300 kwa njia ya barabara. Mwezi unapopatwa, kivuli cha ardhi huugusa mara moja, na wote wenye kuutazama huliona tukio lile lile kwa wakati mmoja. Lakini jua halifiki katikati ya mbingu kwa wakati mmoja katika miji yenu. Hufika Iringa kwanza, kwa kuwa Iringa iko mashariki zaidi, kisha hufika Mbeya baada ya dakika kama 9. Saa zetu za mkononi hazioneshi tofauti hii, maana Tanzania nzima imekubaliana kutumia saa moja. Lakini mkiacha saa za mkononi, kila mmoja akahesabu wakati wake kuanzia jua la mjini pake, mtakapolinganisha barua zenu mtaiona tofauti ya dakika hizo 9. Na kwa kuwa jua hukata digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kwa kila dakika 4, mtajua kwamba miji yenu imeachana kwa digrii 2 na robo hivi. Hivyo ndivyo walivyofanya Al-Biruni na Abul-Wafa, bila ya simu wala saa ya kisasa.

Zingatia, ndugu msomaji, kwamba kazi hiyo haiwezekani kwa mtu mmoja, hata awe na akili kiasi gani. Yahitaji mashahidi wawili walio mbalimbali, na kila mmoja awe mkweli hata pale asipoonwa na mwenzake. Lau mmoja wao angelala usingizi kisha akaandika saa ya kubuni, kazi yote ingeharibika. Elimu ya falaki ilijengwa juu ya uaminifu, na uaminifu ni tunda la dini.

Karibu na mwaka 1000 Al-Biruni alikuwa Jurjan, kusini-mashariki ya Bahari ya Kaspi, katika himaya ya mfalme Qabus. Huko aliandika kitabu kikubwa juu ya kalenda za mataifa, akieleza namna Waajemi, Wayahudi, Wakristo, Wayunani, Waarabu na wengineo wanavyohesabu miaka na sikukuu zao. Katika zama hizo aliandikiana pia na Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa mashuhuri, ambaye alikuwa mdogo wake kwa miaka kadhaa. Alimpelekea maswali 18, mengi yakipinga mafundisho ya Aristotle juu ya mbingu. Maneno yakawa makali, hata Ibn Sina akamwachia mwanafunzi wake kuyajibu yaliyobaki. Al-Biruni hakuwa malaika. Ulimi wake uliweza kuchoma. Lakini hata mabishano yale yalihifadhiwa, na wanafunzi wamefaidika nayo kwa miaka elfu.

Kisha alirejea Khwarazm, akakaa Gurganj kwa watawala wale wale waliokuwa wameupindua ufalme wa mwalimu wake. Na hapa ndipo penye jibu la swali letu la pili. Miongoni mwa wenzake wa karibu alikuwako Abu Sahl, ambaye jina lake lilikuwa Al-Masihi, yaani Mkristo, na kweli alikuwa Mkristo, tabibu na mtaalamu wa hesabu. Al-Biruni alipokuwa mtu mzima mwenye miaka 65 ya Kiislamu, aliandika orodha ya vitabu vyake, vikafika 113. Baada ya kuvitaja vyake, hakunyamaza kama wafanyavyo wapenda sifa. Alitaja pia vitabu ambavyo wenzake waliviandika kwa jina lake: 12 vya mwalimu wake Abu Nasr, 12 vya Abu Sahl Mkristo, na kimoja cha mtaalamu mwingine. Mwislamu huyu aliyeandika juu ya Kibla na nyakati za Sala hakuona aibu kuutangazia ulimwengu kwamba Mkristo alimfanyia kazi 12 za elimu. Hakuibadili dini yake kwa sababu hiyo, wala hakumlazimisha rafiki yake abadili yake.

Basi ewe uliyesilimu, mwenye mama Mkatoliki au mwalimu Mlutheri, usimsikilize anayekuambia kwamba Uislamu unakutaka uwakatae katika mambo ya kheri. Dini yetu imekuamuru kuwatendea wazazi wako wema hata wakiwa hawaamini uaminivyo, na imekukataza kuwatii katika jambo moja tu, nalo ni kumshirikisha Mwenyezi Mungu. Elimu njema ni mali ya muumini iliyompotea. Popote aionapo huiokota.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliishambulia na kuiteka Khwarazm. Al-Biruni, mwenye umri wa miaka 44, alichukuliwa mateka pamoja na mwalimu wake Abu Nasr, wakapelekwa Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Je, alivunjika moyo? Tarehe 14 Oktoba mwaka 1018 alikuwa katika kijiji kimoja karibu na Kabul, katika dhiki, hana chombo chochote cha kupimia. Alichukua ubao wa kuhesabia, akachora sehemu ya duara nyuma yake, akaigawa kwa digrii, akatundika uzi wenye uzito, na kwa ubao huo akalipima jua. Wangapi kati yetu husema kwamba hatuwezi kusoma kwa sababu hatuna vitabu, wala hatuwezi kutabligh kwa sababu hatuna gari? Mateka yule alikuwa na ubao na uzi.

Mwaka uliofuata, tarehe 8 Aprili 1019, akiwa Lamghan mashariki ya Kabul, aliliona jua likichomoza hali limekwisha kupatwa. Watu wa Mbeya wanayajua mambo haya kwa macho yao. Tarehe 1 Septemba mwaka 2016 umati mkubwa ulikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kati ya Mbeya na Iringa, ukaona jua limebaki kama pete ya moto. Wengine walistaajabu, wengine walihofu. Katika uhai wa Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. jua lilipatwa siku aliyofariki mwanawe mdogo Ibrahim, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Mtume s.a.w., ingawa moyo wake ulikuwa na majonzi ya mzazi, aliwakataza kusema hivyo, akawafahamisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu ambazo hazipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu yeyote, akawaamuru wasali. Mwongo angeuchukua uvumi ule na kuutumia. Mkweli aliukanusha.

Na kwa kuwa kupatwa ni ishara zinazokwenda kwa hesabu, zaweza pia kuwa shahidi kwa jambo lililotabiriwa kabla. Katika kitabu cha Hadithi cha Imamu Daraqutni imepokewa bishara kwamba kwa ajili ya Mahdi mwezi utapatwa katika usiku wa kwanza kati ya siku zake za kupatwa, na jua katika siku ya katikati, yote katika mwezi wa Ramadhani. Sisi Waislamu wa Ahmadiyya tunaamini kuwa bishara hii ilitimia kwa Seyidna Ahmad a.s. wa Qadian, aliyekuwa amekwisha kutangaza dai lake, pale mwezi ulipopatwa tarehe 21 Machi mwaka 1894 na jua likapatwa tarehe 6 Aprili mwaka huo huo, mwezi 13 na mwezi 28 Ramadhani mwaka 1311. Ewe unayechunguza, hatukuombi uzipokee tarehe hizo kwa sababu sisi tumezisema. Zimo katika majedwali ya wataalamu wa falaki wasiotujua wala kutupenda. Zitafute, uzipime. Imani isiyoogopa kupimwa ndiyo inayostahili kushikwa.

Turudi kwa Al-Biruni. Sultani Mahmud alikuwa akiivamia Bara Hindi mara kwa mara, naye Al-Biruni alipata kufika Punjab. Katika ngome ya Nandana, ambayo leo imo Pakistan, alipanda mlima unaotazama uwanda mpana. Kwanza aliupima urefu wa mlima kutoka chini. Kisha akiwa juu alipima jinsi upeo wa macho unavyoonekana umeshuka kidogo chini ya usawa wa jicho, maana ardhi ni mviringo na inajipinda. Kwa pembe hiyo ndogo na urefu wa mlima tu, akakokotoa ukubwa wa dunia nzima. Wataalamu wa leo wakiigeuza dhiraa yake kuwa kilomita, wengi hupata kuwa nusu ya kipenyo cha dunia kwa hesabu yake ilikuwa kilomita 6,340 hivi, na kipimo cha kisasa ni karibu kilomita 6,371.

Mwaka 1025 alikamilisha kitabu chake juu ya kuainisha mahali pa miji. Kusudi lake moja kubwa lilikuwa kupata Kibla cha Ghazna kwa hakika. Aliunganisha mji kwa mji kutoka Baghdad hadi Ghazna kama pete za mnyororo, kwa vipimo vya watangulizi wake na vyake mwenyewe, vikiwemo vile vya usiku wa kupatwa kwa mwezi. Na mwisho akaihesabu Kibla kwa njia zaidi ya moja, ili njia moja iishuhudie nyingine. Angalia jinsi elimu ya Waislamu, Wayunani na Wahindi, pamoja na urafiki wa miaka 30, vilivyokusanyika ili watu wa mji mmoja wasimame sawasawa mbele ya Mola wao.

Ukitumia hesabu za namna hiyo kwa nchi yako, utapata kwamba Kibla cha Mbeya si kaskazini halisi, bali kimeelekea mashariki kidogo, kwa digrii 11 au 12. Cha Iringa ni digrii 8 tu. Kwa hiyo anayehama Iringa kwenda Mbeya asidhani kwamba upande ni ule ule kabisa. Dini yetu ni nyepesi, na aliyejitahidi akakosea kidogo Sala yake haiharibiki. Lakini anayejenga msikiti yampasa apime. Nawe waweza kupima bila chombo. Jua hupita juu kabisa ya Makka mara mbili kwa mwaka: tarehe 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana kwa saa za Tanzania, na tarehe 16 Julai, saa sita na dakika 27, katika miaka mirefu, yenye siku 366, huwa siku moja kabla. Wakati huo simamisha kijiti wima mahali pa wazi. Kivuli chake kitaelekea kinyume cha Makka, na kutoka ncha ya kivuli kuja kwenye kijiti ndiko Kibla kiliko. Ukifanya hivyo Mbeya na nduguyo akafanya Iringa, mtakuwa mmeshirikiana kama wale wawili wa Kath na Baghdad.

Mwaka 1030 Al-Biruni alikamilisha kitabu chake juu ya Bara Hindi. Alijifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, akakaa na wanazuoni wa Kihindu, akawasikiliza, akatafsiri vitabu vyao kwa Kiarabu, na kuwaeleza wao vitabu vya falaki vya Wayunani. Imani yao aliieleza kama wanavyoiamini wenyewe, si kama adui anavyoisingizia. Humo ndimo alimotaja bandari ya Somnath, ambako zilitua merikebu zilizosafiri baina ya Sofala ya nchi ya Zanji, kwenye ncha ya kusini ya pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, na China. Na ingawa aliishi chini ya mkono wa Sultani Mahmud, aliyeivunja Somnath, aliandika wazi kwamba mashambulio yale yaliharibu neema ya nchi na kuwajaza Wahindu chuki kwa Waislamu. Upanga ulifunga mioyo ambayo kalamu ingeweza kuifungua. Jumuiya yetu imelifundisha jambo hilo tangu mwanzo wake: hakuna kulazimishana katika dini, na jihadi ya zama hizi ni ya kalamu na hoja.

Kazi zake nyingine ni nyingi. Mwaka 1029 aliandika kitabu cha kufundishia hesabu na falaki kwa njia ya maswali na majibu, tena alikiandika kwa ajili ya mwanamke, Raihana binti Al-Hasan wa Khwarazm. Jambo la kuwafikirisha wanaowanyima binti zao shule. Kwa Sultani Masud, mwana wa Mahmud, aliandika kitabu chake kikubwa kabisa cha falaki, chenye makala 11. Humo aliendelea kushikilia kuwa ardhi haizunguki, na katika hilo elimu ya baadaye imeonesha kinyume. Maana hakuwa Nabii, na mtaalamu hata awe mkubwa namna gani huacha kazi kwa wajao. Imesimuliwa kwamba Sultani alimpelekea zawadi ya fedha mzigo mzima wa tembo, naye akairudisha katika hazina kwa kuwa hakuihitaji. Wanazuoni wa leo wamehesabu vitabu na risala zake zipatazo 146; vilivyobaki mikononi mwa watu ni kama 22 tu.

Katika kitabu chake juu ya vivuli alieleza kisa cha mwadhini mmoja aliyekataa kutumia chombo cha kujulia nyakati za Sala kwa sababu kilikuwa na majina ya miezi ya Warumi. Al-Biruni alimjibu kwamba Warumi hula pia chakula na hutembea sokoni, basi na aache na hayo mawili asije akafanana nao. Huyo mwadhini hajafa. Yuko katika kila mji, na wakati mwingine yumo ndani ya nafsi zetu.

Al-Biruni alifariki Ghazna karibu na mwaka 1050, akiwa amezidi miaka 75. Imesimuliwa kwamba alipokuwa mahututi, pumzi ikimpanda kifuani, alitembelewa na mwanachuoni mmoja wa sheria. Mgonjwa akamkumbusha mas-ala ya mirathi waliyopata kuyazungumza, akataka amweleze tena. Mgeni alimhurumia, akaona si wakati wake. Lakini mgonjwa alishikilia kwamba ni bora aiage dunia akiwa amelijua jambo hilo kuliko kuiaga akiwa hajui. Mgeni akamweleza, naye akalikariri na kulihifadhi. Yule mwanachuoni alipotoka, hakufika mbali, akasikia sauti za kilio kutoka nyumba ile.

Seyidna Ahmad a.s. ametufundisha kwamba neno la Mungu na kazi ya Mungu haviwezi kupingana, kwani vyote viwili vimetoka kwa Mmoja. Kwa moyo huo mtumishi wa Ahmadiyya, Profesa Abdus Salam, mwaka 1964 alianzisha huko Trieste, Italia, kituo ambamo wataalamu wa nchi maskini hukutana na wenzao wa dunia nzima. Na mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, wasiokuwa wa dini yake. Njia iliyoanza usiku ule wa Kath na Baghdad haijafungwa.

Basi ndugu msomaji, ikiwa ungali unachunguza, usione haya kuuliza, kupima na kulinganisha. Al-Biruni aliuliza hata akiwa ukingoni mwa kaburi. Na ikiwa umekwisha kusilimu, yashike mawili: elekea Kibla chako kwa hakika, na uwe shahidi mkweli kwa walio karibu nawe na walio mbali. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wale wanaotafakari katika kuumbwa kwa mbingu na ardhi, wakazidi kumjua na kumpenda. Amin.